Uwanja wa Makumbusho ya Muziki Uanze na Sikio

Makumbusho ya muziki yana tatizo ambalo makumbusho ya vinyago au ya mifupa ya dinosaria hayana: kitu kinachooneshwa hakionekani. Gitaa la mtu mashuhuri limetundikwa nyuma ya kioo, taa inalimulika, kibao kinataja mwaka na mpigaji, na hakuna uzi unaotikisika. Mgeni anapewa hedifoni, anasimama akitikisa kichwa kwa wimbo wake, na aliye pembeni yake anatikisa kichwa kwa wimbo mwingine. Muziki ambao tangu hapo ulikuwa shughuli ya watu wengi, ukiingia mle ndani unakuwa jambo la mtu mmoja mmoja. Silaumu, bila kioo hicho vyombo vingekuwa vimeshaoza au kuibwa. Ila ina maana kwamba sehemu ya makumbusho ambamo muziki unaweza kuishi kama muziki ni nje, kwenye ngazi, kwenye nyasi, chini ya mti. Na nje ndiko hupangwa mwisho, kwa fedha zilizobaki.

Mimi ni fundi mitambo. Nimefunga spika kwenye viwanja vingi vya wazi, nimevuta nyaya, nimesimama nyuma ya mikseta nikigombana na upepo. Siku hizi naitwa pia kwenye vikao vya wasanifu, ingawa kwa kawaida zege limeshamwagwa, vigae vimeshalazwa, utepe unasubiri kukatwa, ndipo mtu anakumbuka kuuliza spika zitakaa wapi. Michoro ninayooneshwa inafanana yote. Ni jioni ya tamasha. Watu wamejaa, mtoto yuko mabegani mwa baba yake, puto linapaa, jukwaa linang'aa. Sijawahi kuoneshwa mchoro wa Jumanne saa nane mchana, jua kali, hakuna tamasha, na mama mmoja anatafuta pa kukaa ili mwanawe anywe maji. Kumbe Jumanne za namna hiyo ndizo nyingi katika mwaka.

Tamasha linajitetea lenyewe. Watu watasimama juani, watakaa chini kwenye sakafu, watapanga foleni ya choo nusu saa, kwa sababu wamekuja kumwona fulani. Jumanne haina fulani. Uwanja usipokuwa na sababu yake yenyewe ya kumfanya mtu abaki, hatabaki, na makumbusho yatakuwa na eneo kubwa tupu mbele ya mlango mwaka mzima kwa ajili ya jioni chache.

Chukua Rock and Roll Hall of Fame, makumbusho ya muziki wa rock ya Cleveland, Marekani. Msanifu I. M. Pei aliichora, ikafunguliwa Septemba 1995 kwenye ufuko wa ziwa Erie: mapande makubwa ya kioo yaliyolala kwa mshazari, mnara, na mbele yake uwanja mpana wa sakafu ngumu. Picha zake zinapendeza. Lakini kati ya jengo na katikati ya mji kuna reli na barabara kuu, kwa hiyo hakuna apitaye pale akielekea kwingine; aliyefika ameamua kufika. Uwanja usiokuwa njiani kwa mtu yeyote unaanza kazi ukiwa na deni, na upepo wa ziwani katika miezi ya baridi unaliongeza deni hilo. Majira ya joto huwa na muziki wa wazi pale, na hapo mambo hunyooka. Lakini siku ya kawaida, kinachowavuta watu ni herufi kubwa nyekundu zilizosimamishwa uwanjani kuisifu rock. Watu wanaziegemea, wanazipanda, wanapiga picha. Naamini siri ya herufi zile ni kwamba katika eneo lote lile pana, ndizo kitu chenye kimo cha binadamu.

Tuje kwenye sikio. Kabla penseli haijagusa karatasi, nenda kiwanjani upige makofi. Ni kipimo cha bure na kinasema mengi kuliko wasemavyo washauri wengi, mimi nikiwamo.

Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na joto la nyuzi 20. Simama mita 17 kutoka ukuta mkubwa wa kioo, piga kofi moja. Sauti inakwenda, inagonga, inarudi, safari ya mita 34, na inakufikia baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Sikio linaisikia kama kofi la pili. Kwa mpiga ngoma kofi hilo ni adui, maana linaangukia katikati ya mapigo yake. Kwa msemaji, silabi zinapandana. Sasa sogea hadi mita tatu. Kofi la pili limetoweka. Limeungana na la kwanza na kulinenepesha, na mwimbaji asiye na maiki akisimama hapo akiwa ameupa ukuta mgongo, sauti yake itasikika vizuri kuliko angesimama peke yake katikati ya uwanja. Ukuta ni uleule. Ukiwa karibu ni msaidizi, ukiwa mbali ni msumbufu.

Wasanifu wa makumbusho wanapenda kioo, na kioo kilichosimama wima kikitazamana na jengo jingine lenye kioo wima hufanya sauti irushwe huku na huku kama mpira wa tenisi hadi ichoke. Ukilaza kioo kidogo, sauti inakwenda juu angani na haimsumbui mtu. Kile kioo cha Pei kilicholala Cleveland kina faida hiyo, sijui kama kuna aliyeipigia hesabu. Kibaya kuliko vyote ni ukuta uliopinda kuelekea ndani, ambao wachoraji huupenda kwa sababu unaonekana kama unakumbatia watu. Unakusanya sauti yote na kuimwaga mahali pamoja. Aliyesimama hapo anaziba masikio, aliye hatua tano pembeni analalamika hasikii.

Halafu kuna umbali. Nje, sauti ya chanzo kimoja hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka mara mbili. Mtu anayepiga gitaa bila umeme, akisikika vizuri mita tano, kufikia mita ishirini ameshapoteza desibeli 12, na kama kuna barabara karibu ameshapotea yeye mwenyewe. Inanifurahisha kwamba jicho linakubaliana na sikio hapa. Jan Gehl, msanifu wa Denmark aliyetumia maisha yake kuchunguza watu wanavyotumia mitaa, anaeleza kuwa uso wa mtu na hisia zake huanza kusomeka kwenye umbali wa mita 20 hadi 25, na kwamba karibu mita 100 ndipo tunapoanza kuona mtu anafanya nini. Yaani muziki wa mkono mtupu, ule unaopigwa kwa sababu mtu amejisikia kupiga, unahitaji chumba cha wazi cha upana wa mita ishirini na kitu. Uwanja wa upana wa mita mia hauwezi kuubeba bila spika, na Jumanne hakuna spika.

Ndiyo maana ninapopewa nafasi ya kusema, naomba uwanja mmoja mkubwa ugawanywe kuwa viwanja vidogo kadhaa vya upana huo, vilivyotenganishwa na vitu visivyozuia siku ya tamasha: baraza refu la kukalia, tofauti ya ngazi tatu nne, mstari wa miti ambayo matawi yake yanaanzia juu ya vichwa vya watu. Mhandisi wa usalama atauliza watu watapitaje, na ana haki. Watu wanne kwenye mita moja ya mraba tayari wamebanana, wakizidi watano msukumano unaanza kuwa wa hatari. Baraza lililowekwa kukata njia ya kutokea ni mtego. Baraza lililowekwa sambamba na njia hiyo ni mahali pa kukaa.

Nikae kidogo kwenye jambo la usiku, kwa sababu ndilo linalozaa ugomvi na majirani na karibu kila mara hueleweka vibaya. Mchana jua linachoma sakafu, hewa ya chini inakuwa na joto kuliko ya juu, na mawimbi ya sauti yanapinda kuelekea angani. Usiku wa mbingu kavu, ardhi inapoa haraka, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na mawimbi yanapinda kurudi chini. Matokeo yake, spika ileile, kwa nguvu ileile, haisikiki saa sita mchana kwenye nyumba iliyo nusu kilomita, na saa tatu usiku inagonga dirisha lake. Meneja wa makumbusho anaapa kuwa hakuongeza sauti, jirani anaapa kuwa imeongezwa, na wote wawili wanasema kweli. Maji ya ziwa au bahari yaliyopoa yanafanya vivyo hivyo hata mchana. Upepo nao huibeba sauti kuelekea unakokwenda na kuipindisha juu kule unakotoka. Kwa hiyo jukwaa linaelekezwa baada ya kujua upepo wa jioni unatoka wapi na nyumba za watu ziko wapi. Mwelekeo unaotoa picha nzuri ya machweo nyuma ya mwimbaji huwa ni bahati ukilingana na huo.

Na tafadhali, miti haizuii sauti. Mstari mmoja wa miti unamfanya jirani asilione jukwaa, ambalo ni jambo jema kisaikolojia, lakini besi, ile sauti nzito ya chini, inapita kama vile miti haipo. Kinachosaidia ni tuta la udongo au ukuta mzito karibu na chanzo, spika nyingi ndogo zilizo karibu na wasikilizaji badala ya mbili kubwa jukwaani, na saa ya kufunga inayoheshimiwa.

Hizo spika nyingi ndogo zina mifano mizuri. Millennium Park ya Chicago, iliyofunguliwa 2004, ina jukwaa lililochorwa na msanifu Frank Gehry, na juu ya nyasi umetandazwa mtandao wa mabomba ya chuma unaobeba spika. Anayelala kwenye nyasi nyuma kabisa anasikia kinanda bila nguzo ya spika kumkinga macho, na bila aliye mbele kupasuliwa masikio. Miami Beach, kando ya jumba la muziki la New World Center la 2011, wabunifu wa kampuni ya West 8 wakatengeneza bustani ambamo tamasha la ndani linatupwa kwenye ukuta mkubwa mweupe wa nje, bure, na spika zimefichwa kwenye mabomba yaliyopindwa yanayozunguka nyasi. Mahali hapa pawili si makumbusho, ni pa kupigia okestra. Lakini wameelewa jambo ambalo makumbusho mengi bado: mtu wa nje asiyelipa si mabaki ya hadhira, ni hadhira.

Budapest imelielewa kwa njia nyingine. Nyumba ya Muziki ya Hungaria ilifunguliwa Januari 2022 ndani ya bustani ya Városliget. Sou Fujimoto wa Japani alichora paa pana lenye mawimbi, akalitoboa matundu karibu mia moja; mwanga unashuka humo, na miti mingine imepenya katikati. Kuta ni za kioo, karibu mita 12 kwenda juu, na paa limezipita kuta na kutoka nje, kwa hiyo aliye chini yake hana hakika sana kama ameshaingia au bado. Kuna jukwaa la nje pia. Mradi mzima wa kujenga makumbusho ndani ya bustani ile ulipingwa vikali na watu waliotaka miti yao iachwe, na upinzani huo naupa uzito; bustani ya umma si akiba ya viwanja vya majengo. Lakini nikiliangalia paa peke yake, nasema limejibu swali la Jumanne. Linampa kivuli mtu asiye na tiketi, na mvua ikinyesha linampa sababu ya kubaki.

Kivuli kwanza, basi, na viti. William H. Whyte, mtafiti wa Marekani aliyeweka kamera kwenye viwanja vya New York miaka ya 1970 akahesabu nani anakaa wapi, alifikia hitimisho linalochekesha kwa wepesi wake: watu hukaa zaidi mahali penye pa kukaa. Wepesi huo haujawafikia wote. Bado naona mabaraza yenye vyuma vya kuzuia watu wasilale, viti vya zege vilivyotenganishwa mbali kiasi kwamba marafiki wawili lazima wapige kelele, ngazi zenye ncha kali. Whyte alipenda viti vya kuhamishika, na kwa muziki mimi navipenda mara mbili, kwa sababu anayesikia mlio mpya anataka kugeuka. Kiti kilichofungwa kwa nondo kimemwamulia aangalie wapi. Walinzi wataniambia vitaibwa. Bryant Park ya New York inavitumia kwa maelfu tangu ilipofunguliwa upya 1992, na bado watu wanavikuta.

Katika mji huohuo kuna Paley Park, kabustani ka 1967 kalikobanwa kati ya majengo, chenye maporomoko ya maji ya takribani mita sita ukutani. Maji yale hayaondoi kelele za magari, yanazifunika kwa kelele tamu zaidi. Wasanifu wa viwanja vya makumbusho wamelipenda wazo hilo na mara nyingi wanaliweka mahali pabaya, katikati, hatua kumi kutoka jukwaani. Maji yawekwe upande wa barabara. Na yawe na swichi, na fundi mitambo apewe ufunguo wa chumba cha swichi. Nimewahi kuongoza tamasha zima la kwaya nikishindana na chemchemi ambayo mwenye ufunguo wake alikuwa ameshakwenda nyumbani.

Ngazi zinastahili makala yake. Zadar, Croatia, mwaka 2005 msanifu Nikola Bašić alijenga ngazi za mawe za urefu wa mita 70 zinazoshuka baharini, na chini yake akaficha mabomba 35. Wimbi likisukuma hewa, ngazi zinapiga muziki. Watu wanakuja, wanakaa, wanasikiliza, hakuna ratiba wala mtumbuizaji. Nimetafuta uwanja wa makumbusho ya muziki uliofikia hapo na sijaupata. Si lazima kila mahali pawe na bahari. Vyombo vya chuma, mawe na mbao ngumu vinaweza kukaa nje miaka na kupigwa na kila mtoto apitaye. Piano ya nje ni wazo zuri la wiki chache, kisha unyevu unaingia kwenye mbao na sauti zake zinaharibika, na kila anayepita anaitazama kwa huruma.

Lakini ngazi ninazozifikiria zaidi ni ndogo sana. Ni za nyumba ya matofali ya Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi, huko Queens, New York, ambako yeye na mkewe Lucille walihamia 1943 na ambayo ikawa makumbusho 2003. Kuna picha maarufu ya Armstrong, tayari mtu mzima anayejulikana dunia nzima, ameketi kwenye ngazi za mbele na tarumbeta, watoto wa mtaa wamemzunguka. Makumbusho yale yana bustani ndogo pembeni ambamo matamasha hufanyika. Mtaa ni wa nyumba za watu, kwa hiyo kila kitu kimepimwa kwa uvumilivu wa jirani. Watu wenye hekta kumi wangefaa kwenda kuangalia.

Na kuna mahali pengine penye jina lake, panaponifanya nisitishe sifa. New Orleans, kwenye Congo Square, Waafrika waliokuwa watumwa walikusanyika Jumapili kupiga ngoma, kucheza na kuuza bidhaa. Mwaka 1817 mji ulitunga sheria kuwa wakusanyike mahali pamoja tu, na pakawa hapo. Leo uwanja huo uko ndani ya Louis Armstrong Park, iliyofunguliwa 1980 juu ya ardhi ambayo sehemu yake ilikuwa nyumba za watu wa mtaa wa Tremé, zilizobomolewa miaka ya kabla. Bustani imezungushiwa uzio. Ina geti, na geti lina saa. Ngoma bado hupigwa pale, na ninaheshimu hilo kuliko sanamu zote. Lakini mahali ambapo muziki ulizaliwa kwa sababu watu walikuwa na ruhusa finyu ya kukutana, kisha pakawekewa uzio kwa heshima yao! Kila ninapoona mstari wa uzio kwenye mchoro wa uwanja wa muziki nauliza unamzuia nani, na jibu la kwanza huwa ni vyombo vya umeme, la pili ndilo la kweli.

La Villette, Paris, palipokuwa na machinjio, ilikwenda njia nyingine. Msanifu Bernard Tschumi alipanga hekta 55 bila kuzizungushia uzio, akatawanya vibanda vyekundu kila baada ya mita 120, na ndani ya eneo hilo yakaja baadaye makumbusho ya muziki ya Cité de la musique na, 2015, ukumbi wa Philharmonie wa Jean Nouvel, ambao paa lake limejengwa ili watu walipande. Vile vibanda vyekundu vingi havina kazi maalumu, na hilo liliwakera wakosoaji. Mimi nadhani ni sahihi. Mtu anamwambia mwenzake tukutane kwenye kibanda fulani, na hilo linatosha kuwa kazi.

Mambo ya chini ya ardhi nitayapitia haraka kwa kuwa hayana mvuto, ila yakikosekana yote hayo juu ni bure. Mabomba ya nyaya yalazwe kabla ya vigae, mapana kuliko unavyodhani. Soketi za umeme ziwe pembezoni na katikati. Gari la vyombo lifike nyuma ya jukwaa bila kukata umati. Choo kiwe na mlango wa nje, kifunguliwe hata makumbusho yakifungwa. Mteremko wa kiti cha magurudumu uwe ndiyo njia kuu, usifichwe nyuma ya mapipa.

Limebaki suala ambalo wakurugenzi hawapendi nilitaje, la wanamuziki wa mitaani. Kuna makumbusho yanayoonesha ndani, kwa fahari, historia ya watu waliopiga gitaa kwenye kona wakiwa na kofia chini, na nje mlinzi analipwa kuwafukuza wanaofanya hivyohivyo leo. Sababu hutolewa kuwa ni kelele, na kelele kweli zipo, kwa sababu hakuna aliyewapangia. Wape kona tatu au nne, kila moja na ukuta mzito wa mita mbili na nusu nyuma yake, wa mawe au matofali, paa dogo, baraza la nusu duara mbele, na nyasi kati ya kona na kona zisizopungua mita arobaini. Zigeuze zipeane mgongo. Usiweke spika. Ratiba ndogo ubaoni ya nani anapiga saa ngapi, ijazwe na wao wenyewe kwa chaki. Ukinipa bajeti ya jukwaa kubwa, ningeanza na kona hizo, na kilichobaki ndicho ningekiita jukwaa.